Kuazima Ulimi wa Mwenzako

Stima ilipotea katikati ya mchezo. Tulikuwa kwenye bwalo la shule moja ya wasichana kule Bungoma, wanafunzi zaidi ya 500 wamebanana kwenye mabenchi, wengine wamekaa juu ya meza, na harufu ya githeri ya mchana haijatoka. Kipaza sauti kikanyamaza. Wakati huo nilikuwa Mamapima, muuza pombe wa Mangweni katika tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea. Muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa Husda, mke wa mtawala Majoka, na baadaye ningekuwa Hashima, mamake Tunu. Kisha mvua ikaanza kupiga mabati.

Mwelekezi wetu alikuwa ametufundisha jambo ninalolitumia mpaka leo: mvua ikinyesha, usishindane nayo. Ukipiga kelele, mwangwi unameza maneno na wanafunzi wanabaki na hasira yako tu. Nikapunguza mwendo. Kila neno nikalitamka hadi silabi yake ya mwisho. Nikamchagua msichana mmoja aliyesimama mlangoni, nyuma kabisa, nikawa namwambia yeye. Alipocheka mahali pa kucheka, nikajua bwalo zima linanisikia. Tulimaliza kwa mwanga wa madirisha.

Nimeigiza karibu miaka 20 sasa, jukwaani, redioni, kwenye vipindi vya televisheni na filamu. Nikiulizwa nilijifunzia wapi kuwa watu wengi hivyo, jibu langu ni lile bwalo na mengine kama lile, kutoka Molo hadi Busia, kutoka Kakamega hadi Homa Bay. Kikundi chetu kilikuwa cha watu saba. Tamthilia ina wahusika zaidi ya 15. Gari tulikuwa tunakodi, na pesa za shule zikifika zinakatwa petroli kwanza, kisha chakula, kisha ndiyo tunagawana. Kumwongeza mtu wa nane kungepunguza riziki ya wale saba. Basi kila mmoja wetu alibeba wawili, watatu, wakati mwingine wanne.

Kugawa wahusika kulihitaji akili. Husda na Ashua wanapigana ofisini mwa Majoka mbele ya macho ya watu, kwa hiyo hakuna mwigizaji awezaye kuwabeba wote wawili. Mwelekezi alikuwa anakaa na kalamu, anapitia kitabu onyesho baada ya onyesho, anaandika nani anatoka, nani anaingia, na baina yao kuna mistari mingapi. Mistari 12 inatosha kuvua gauni na kujifunga leso. Mistari mitano haitoshi, na hapo ilibidi mhusika mwingine aongezewe wimbo au matembezi ili mwenzake apate nafasi ya kubadilisha.

Mara nyingi tulibadilishia jikoni, kando ya sufuria kubwa za ugali, nyuma ya shuka tuliyoifunga kati ya madirisha mawili. Pale ndipo nilipogundua kwamba maleba hayatoshi. Niliweza kuvaa kilemba na bado nikatoka nikiwa Husda, kwa sababu mwili ulikuwa haujapata habari. Nikaanza kumtafutia kila mwanamke mahali uzito wake unapokaa. Husda nilimweka kifuani, anatangulia kuingia kabla ya miguu yake. Mamapima nilimweka kwenye visigino, maana ni mtu aliyesimama siku nzima akipima pombe na kuhesabu sarafu. Hashima alikaa magotini. Hawezi kuketi bila kushika kitu kwanza. Nikishapata mahali pa uzito, sauti ilikuja yenyewe.

Watu wa mjini huzidharau hizi safari za kuigiza setibuku, yaani vitabu vya kutahiniwa shuleni, wanaona ni kazi ya kuanzia tu, ya kuacha haraka. Mimi siwezi kuzidharau. Miaka ile mtoto wa kidato cha nne alitahiniwa tamthilia hiyo kwenye karatasi ya tatu ya Kiswahili. Alikuwa amekisoma kitabu hadi jalada limetoka. Ukiruka mstari mmoja unasikia mnong'ono ukipita bwaloni kama upepo kwenye miwa, kwa sababu midomo yao inasema pamoja nawe. Sijapata tena hadhira inayosikiliza vile. Wale wasichana walinizoesha kuheshimu maneno yaliyoandikwa na mtu mwingine, na kutoyabadilisha kwa sababu tu yananiwia magumu.

Lakini kuna kitu ambacho bwalo halikunifundisha, nacho ni lafudhi. Hicho kilianza zamani zaidi.

Nilikulia Bondeni, Nakuru. Plot yetu ilikuwa na milango tisa na bomba moja la maji, na kwenye foleni ya bomba ungesikia Kikuyu, Kijaluo, Kiluhya, Kikalenjin, Kikamba na Kinubi kabla ndoo yako haijajaa. Baba alikuwa na televisheni ndogo, na usiku wa kipindi cha vichekesho cha Vitimbi majirani walijaa hadi mlangoni. Akitokea Mzee Ojwang, mhusika mwenye lafudhi ya Kijaluo, jirani yetu mmoja, Mjaluo wa Siaya na babake rafiki yangu, alikuwa anapiga goti kwa furaha. "Huyu ni wa kwetu kabisa," alikuwa akisema. Miaka ilipita ndipo nikajua kwamba jina halisi la mwigizaji wa Ojwang ni Benson Wanjau, na kwamba ni Mkikuyu. Nilishtuka. Nikamkumbuka yule jirani, na jinsi alivyokuwa akijiona kwenye kile kioo bila kuhisi kwamba anachekwa. Mzee Ojwang alifariki Julai 2015, na siku ile niliposikia redioni nilikuwa kwenye matatu, nikalia.

Kumwigiza mtu wa kabila lingine miaka mingi hivyo, na wenyewe wakakuita wao, ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani. Nilikuja kuelewa ugumu wake mwaka 2008.

Mwisho wa Januari mwaka huo, katika vurugu za baada ya uchaguzi, Nakuru iliwaka. Sitaeleza niliyoyaona. Nitasema tu kwamba kulikuwa na vijana barabarani waliokusimamisha na kukutaka useme neno fulani, wakasikiliza ulimi wako unavyoligeuza. Mama yangu, aliyezaliwa Vihiga na kuishi Nakuru zaidi ya nusu ya maisha yake, alikaa ndani siku tano bila kufungua mdomo hata kwa dirisha. Sauti yake ndiyo iliyokuwa kitambulisho chake. Tume ya Waki, iliyozichunguza vurugu zile, baadaye ilihesabu vifo 1,133 nchi nzima.

Wakimbizi wengi walipelekwa kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo, hapa hapa Nakuru. Miezi michache baadaye mwelekezi wetu akatuita twende tukaigize pale, kati ya mahema. Tulitumia mtindo wa Mbrazili Augusto Boal, ambapo mchezo unasimamishwa mahali pabaya kabisa, kisha mtazamaji anaombwa ainuke, achukue nafasi ya mhusika na kujaribu kutenda vingine. Mimi nilipewa nafasi ya mama mwenye nyumba anayemfukuza mpangaji kwa sababu ya kabila lake. Kabila langu mimi na la mhusika hayakuwa sawa.

Siku ya kwanza nilifanya alivyofanya kila mchekeshaji niliyewahi kumsikia. Nikakoleza lafudhi. Nikazigeuza herufi, nikaburuta maneno. Vijana wachache wakacheka. Halafu mama mmoja mzee, wa kabila lile nililokuwa naliigiza, akainuka kutoka chini alipokuwa ameketi kwenye gunia, akajikung'uta, akaondoka polepole kuelekea hemani mwake. Hakuona haja ya kunigombeza.

Usiku ule sikulala. Kesho yake nilimwendea, nikampigia hodi, nikamwomba msamaha. Akanikaribisha chai ya rangi kwenye kikombe cha plastiki, akanisimulia habari za nyumba yake iliyochomwa na za mpangaji wake mwenyewe, aliyemficha siku mbili chini ya kitanda. Nilipomsikiliza nikasahau kabisa namna anavyotamka. Nikasikia anavyopumua kabla ya kutaja jina la mtu. Jioni nikacheza tena mchezo ule ule kwa Kiswahili changu cha kawaida, herufi zangu mwenyewe, ila nikaweka ile pumzi yake kabla ya kila jina. Hakuna aliyecheka. Yeye alikuwepo, na aliketi hadi mwisho.

Tangu siku hiyo nimekuwa na kanuni moja: ulimi wa mtu nauazima, siuibi. Kitu cha kuazima unakitunza kwa sababu mwenyewe yupo na atakiulizia.

Kamera nilikutana nayo kwa mara ya kwanza katika nyumba ya kukodi mtaa wa Milimani, kwenye kipindi cha televisheni ambacho hakikuendelea sana. Nilikuwa na onyesho moja tu: mama anapokea simu kwamba mwanawe amekamatwa, naye ameshika kikombe cha chai. Nikaigiza kama niko Bungoma kwenye mvua. Mwelekezi akasema, "Kata. Dada, punguza." Nikapunguza. "Punguza tena." Nikapunguza hadi nikahisi sifanyi chochote. Akanionyesha kwenye skrini ndogo, na hata hapo uso wangu ulikuwa unapiga mayowe. Nyusi, shingo, mdomo, vyote vilikuwa vinamwambia msichana wa mlangoni, na hapakuwa na msichana wala mlango. Kioo cha kamera kilikuwa karibu nami kuliko mume anavyokaa na mkewe mezani.

Kikombe ndicho kilichonitesa zaidi. Onyesho hilo hilo tulilirudia mara 11, kwa sababu kamera ilipaswa kuniona kwa mbele, kwa kando, kwa karibu, kisha mikono peke yake. Kila mara nilitakiwa kuinua kikombe kwa mkono ule ule, kwenye neno lile lile, na kukiweka mahali pale pale. Mara ya sita chai ilikuwa baridi na utando wa maziwa umeganda juu. Machozi ya kweli yalikwisha mara ya tatu. Jukwaani unalia mara moja na watu wanaenda nayo nyumbani. Hapa ilinibidi nijue chozi langu linatoka wapi ili niweze kulirudia likihitajika. Nikarudi kwenye ule uzito. Nikamtafuta yule mama amebeba wapi, nikaona amebeba kooni, mahali pa kumezea. Nikawa sifanyi kitu kingine ila kumeza. Mwelekezi akanyamaza, na mpiga picha akainua kidole gumba.

Kwa hiyo bwalo halikupotea bure. Nilifikiri nitalazimika kuyatupa yote na kuanza upya, kumbe ni kuondoa sauti na ishara na kubakiza ile sehemu ya jikoni, nyuma ya shuka, pale mwili unapopata habari. Redio iliniongezea nusu ya pili ya elimu hiyo. Pale huna mwili kabisa, una karatasi unayoigeuza bila kutoa mchakacho, na tabasamu lako lisiposikika kwenye sauti, halipo.

Sasa niseme lililonikera. Kwa miaka kadhaa baada ya hapo, simu nilizopigiwa kutoka Nairobi zilikuwa za aina moja. Mfanyakazi wa nyumbani. Mnene, mcheshi, ametoka Western, anapenda kuku na anaongea Kiswahili cha kugeuza b kuwa p. Ni safari ya kilomita 160 kwenda, usaili wa dakika tatu, na swali la kwanza ni, "Unaweza kutupa ile lafudhi?" Siku moja nilikuwa na deni la kodi ya nyumba ya miezi miwili na karo ya mdogo wangu. Nikaitoa. Wakaipenda. Nikaigiza vipindi sita. Pesa zilikuja baada ya miezi minne, pungufu.

Mama alitazama kipindi cha kwanza nikiwa nimeketi kando yake. Wengine sebuleni walicheka. Yeye alinitazama, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyo ni mimi?" Yeye mwenyewe alifika Nakuru akiwa na miaka 17 kufanya kazi ya nyumba ya watu. Nilikuwa najua hivyo tangu utotoni, na niliisahau siku ile ya usaili kwa sababu ya kodi.

Sisemi kwamba lafudhi isitumike. Vihiga hiyo hiyo ya mama ndiko alikozaliwa Francis Imbuga, mwaka 1947, na tamthilia yake Betrayal in the City ilikwenda Lagos kuiwakilisha Kenya kwenye tamasha la FESTAC mwaka 1977. Ndani yake kuna Mulili, mtu mwenye Kiingereza kilichovunjika vipande. Niliwahi kuona hadhira ikimcheka Mulili dakika za mwanzo, kisha kicheko kikawakauka mdomoni walipoona mamlaka aliyopewa na anachokifanya nayo. Imbuga alimpa ulimi ule kwa sababu ulikuwa na kazi ya kufanya ndani ya hadithi. Yule mfanyakazi niliyemwigiza mimi hakuwa na kazi yoyote. Hakutaka kitu, hakupoteza kitu, hakuwa na jina la baba yake. Alikuwa ulimi peke yake. Tangu hapo nikipokea hati ya mchezo kitu cha kwanza ninachotafuta ni mhusika anataka nini, na nikikosa, najibu kwa heshima kwamba nimeshikika. Kuna miezi jibu hilo limenilaza njaa. Nimeziba mapengo kwa kufundisha watoto wa shule kila muhula wa kwanza, msimu wa tamasha za drama, mashairi ya kughani na masimulizi, na kazi hiyo naipenda kama ninavyopenda jukwaa.

Halafu ikaja filamu fupi ya Kisumu. Mhusika alikuwa mjane, muuza samaki wa ufuoni, anayekataa jaboya, yale mazoea ya wavuvi kumtaka mwanamke mwili wake kabla ya kumuuzia samaki. Huyu alikuwa anataka kitu. Alitaka mashua yake mwenyewe. Hati iliandikwa na kijana msikivu, ila mahali pote palipokuwa na sh alikuwa ameandika s: sida, samba, kesho ikawa keso.

Nikaomba wiki mbili. Nikapanda gari hadi Kisumu, nikaenda Dunga, nikamwomba mama mmoja anayekaanga samaki aniruhusu nimsaidie. Sikumficha sababu. Alinitazama juu hadi chini, akanipa kisu. "Anza na magamba, nyara," yaani binti yangu kwa Kijaluo. Siku tatu za kwanza nilikwangua magamba ya ngege hadi vidole vikachubuka, nikapiga mikato mitatu kila ubavu, nikapaka chumvi.

Na nikasikiliza. Neno la kwanza lililonivunja moyo lilikuwa "shida". Alilitamka safi, sh ya kuteleza kama ya mtu wa Pwani. Nikamuuliza. Akaniambia ameishi Changamwe miaka 14, mumewe akifanya kazi bandarini, na watoto wake wawili walizaliwa kule. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Zile s zote kwenye karatasi hazikuwa zake, wala za wenzake wawili wa meza ya jirani.

Kilichokuwa chake ni kingine, na kilinichukua wiki nzima kukiona. Mteja akitaja bei ya chini, hakumjibu. Aliinama akashughulika na moto, akasogeza kuni moja, akageuza samaki mmoja. Kimya. Mteja anaanza kujiongeza mwenyewe, hamsini, hamsini tena. Akifika bei yake ndipo anainua macho na kusema, "Nikufungie?" Ukimya ule ulikuwa ndio lugha yake ya biashara, na nilipoupeleka kwenye filamu, mbele ya mvuvi anayemtaka yule mjane, mwigizaji mwenzangu alisahau mistari yake. Alibaki ananitazama nikisogeza kuni. Mwelekezi hakukata. Sehemu hiyo imo kwenye filamu kama ilivyotokea. Zile s tulizifuta zote.

Filamu ilipokamilika nilirudi Dunga nayo kwenye simu, saa tano asubuhi, kabla wateja wa mchana hawajafika. Alijipangusa mikono kwenye leso, akaishika simu kwa vidole viwili isiingie mafuta, akatazama dakika zote 22 bila kusema neno. Nilikaa kwenye kibao kando yake, moyo unanipiga kuliko siku yoyote ya jukwaani. Mwisho ulipofika alinirudishia simu. Akageukia karai.

"Umeongea vizuri," akasema. "Lakini yule samaki umemgeuza mapema. Ngozi imebaki kwenye karai, nimeiona."

Ilikuwa kweli. Mwelekezi alitaka samaki ageuzwe kwenye neno fulani, na mimi nikageuza. Yeye akanipisha mbele ya moto, akanipa uma wake mrefu, akasimama nyuma ya bega langu. Mafuta yalikuwa yanachemka pembeni tu, katikati yametulia. Nikapeleka uma.

"Bado," akasema.